Pampu Niliyoipitisha Kileleshwa

Ni miezi minne sasa sijashika spana. Mke wangu, aliyenung'unikia mafuta ya injini kwenye mashuka yake maisha yetu yote, ameanza kunitafutia kazi za nyumbani: bawaba ya mlango, mfuniko uliokaza, saa ya ukutani ambayo haina ugonjwa wowote. Ninyi mliobaki gereji ya Uthiru mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie ninayoyajua kuhusu usukani wa magari yaliyokwisha kutumika. Nimekubali kwa sababu nafasi ninayo, na kwa sababu kuna jambo sikulisema siku hiyo, mlipokuwa mkila pilau na kuyasifu masikio yangu.

Nilikuja Nairobi kutoka Mombasa kumsaidia ami yangu, aliyekuwa na duka la vipuri upande wa chini wa jiji, karibu na River Road. Nilidumu dukani wiki mbili. Mteja akiniuliza kama kipuri ni kipya kweli, nilimjibu kweli, na hiyo haikuwa sifa ami aliyokuwa akiitafuta kwa msaidizi. Wiki ya tatu akanishika mkono, akanivusha uchochoro, akanikabidhi kwa Mzee Barasa.

Mzee Barasa alikuwa mtu wa Kakamega, mzee wa kanisa, na fundi wa usukani peke yake. Breki hakugusa. Giaboksi hakugusa. Aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akauliza, "Wewe mtu wa pwani, unaweza kunyamaza?" Nikamwambia naweza. Akasema tutaona.

Siku ya kwanza alinipa gari lililokuwa na usukani mzito, akaniambia nitafute shida iko wapi. Nilifungua nilichoweza kukifungua. Nilikagua pampu, mkanda, oili, mipira inayopeleka oili, nikalala chini ya raki, chuma kinachogeuza magurudumu, mpaka shati langu likabadilika rangi. Jioni nikamwendea na orodha ya vitu vinne nilivyovishuku. Akachukua kipimo cha upepo, akapima magurudumu ya mbele. Yalikuwa na nusu ya upepo unaotakiwa. "Hii kitu inaitwa tairi," akaniambia, "na ndiyo inaguzana na barabara." Akaenda zake nyumbani. Tangu siku hiyo sijawahi kufungua boneti kabla ya kupima upepo, na fundi anayefungua kwanza namjua kwamba amesomea kwenye simu.

Mambo mengine aliyonifundisha ni haya, nayataja kama nilivyoyapata. Gari la kununua likaguliwe likiwa baridi. Pampu iliyochoka hulia zaidi asubuhi oili ikiwa nzito, na muuzaji mjanja huliwasha gari mapema, akalizungusha mtaa, ukifika ulikute limetulia. Kwa hiyo kabla ya salamu kwisha weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, sema umesahau kitu gereji, urudi kesho bila kupiga simu. Injini iliyooshwa ikang'aa nayo ni ya kutiliwa shaka, maana maji huondoa alama za oili iliyokuwa ikivuja. Minya mpira wa raki kwa vidole. Ukisikia maji maji ndani, sili zimekwisha. Chovya karatasi nyeupe kwenye oili. Ikitoka nyekundu, vizuri. Ikitoka nyeusi na inanuka kama sufuria iliyoungua, pampu inajila yenyewe. Ikiwa na povu, kuna mahali inavuta hewa. Mlio wa mkanda utautenga na wa pampu kwa kunyunyiza maji kidogo juu ya mkanda: ukibadilika, ni mkanda. Na oili nzito kupita kiasi mara nyingi imewekwa ili pampu inyamaze mpaka mnunuzi aondoke na gari.

Baada ya hayo yote ndipo alisikiliza. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mti. Ncha aliiweka kwenye pampu, mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio, na mtu ndani ya gari akauzungusha usukani pole pole kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hapo gereji nzima ilinyamaza. Aliyekuwa akigonga aliweka nyundo chini, aliyekuwa na redio aliizima, na mteja aliyefungua mdomo alioneshwa kidole. Mzee Barasa akiinuka husema neno moja au mawili, pampu ni nzima au imekwisha, na baada ya hapo hakuna aliyeongeza. Ilikuwa sheria ya pale. Fundi akisikiliza, watu hunyamaza, akishasema, imeshasemwa.

Wakati huo niliiona sheria nzuri, na sikukosea sana. Katikati ya jiji kila mtu alikuwa na maoni. Dalali ana yake, mwenye gari ana yake, muuza mayai naye ana yake. Bila sheria ile tungekuwa tunabadilisha raki kwa kura. Nilikaa na Mzee Barasa miaka kumi na mitatu, na mwaka wa sita akanipa bisibisi nisikilize yeye akiwa amesimama kando. Nilisema pampu imekwisha. Hakuongeza neno. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi zilizokuja baadaye, pamoja na zile ambazo mtu hutakiwa kufurahi.

Alipofariki nikahamia Uthiru na kufungua gereji yangu kando ya Waiyaki Way. Wateja walinifuata, wa Loresho na magari yao makubwa, wa Kileleshwa na magari yao ya mkopo. Kazi yangu kubwa ikawa kukagua magari kabla hayajanunuliwa. Bisibisi nilitoka nayo mjini, na sheria pia. Ninyi mmeikuta, na wengine wenu mliwahi kukaripiwa kwa kupiga chafya.

Kisha magari yakaanza kuja bila pampu, usukani wake ukisukumwa na mota ya umeme. Bisibisi yangu haikuwa na la kufanya hapo. Ndipo nikamwajiri Nafula, fundi wa umeme, mama wa watoto wawili, mtulivu, mwenye kimashine cha kusoma makosa ya gari. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba taa ya usukani kwenye dashibodi lazima iwake unapozungusha ufunguo, kisha izime. Isipowaka kabisa kuna mtu ameing'oa ili isiseme. Tuligawana kazi: ya umeme yake, ya oili yangu. Tulienda pamoja kukagua magari miaka minane, na sikumbuki tumewahi kugombana.

Sasa nifike kwenye masikio.

Sikumbuki ilianza lini. Nakumbuka mke wangu akiniambia simu inalia, nami nikimjibu kwamba simu za siku hizi zina sauti ya chini. Nakumbuka pia nikiwasifu Wajapani mbele yenu, siku moja tukinywa chai, kwa kutengeneza pampu zisizolia tena kama za zamani. Mlitikisa vichwa kwa heshima. Sauti nene nilizipata zote, injini, ngurumo ya gurudumu bovu, adhana, gari la taka. Nyembamba ndizo zilizokuwa zikiondoka, moja baada ya nyingine, na kilio cha pampu inayoanza kufa ni chembamba. Nilijua. Sikujua kwa cheti cha daktari, lakini nilijua, nikaamua kutojua, kwa sababu watu walikuwa wakija kutoka Loresho kwa ajili ya masikio hayo.

Sista Beatrice alikuja gereji siku ya Jumanne. Ni muuguzi anayeishi Kileleshwa na kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao, na kila mtu humwita Sista. Alikataa kiti.

"Mzee, mimi sitafuti gari ya sura," alisema. "Nataka gari yenye usukani mwepesi. Mwepesi kabisa. Nilifanyiwa operesheni, na huu mkono wa kulia ndio ulibaki hivi. Hata chai namimina na wa kushoto."

Nikamwuliza kwa sasa anafikaje kazini.

"Kaka yangu ananibeba. Ni mtu mzuri. Lakini kila siku, unaenda wapi, utamaliza saa ngapi, huyo mgonjwa bado hajapona? Nimechoka kuulizwa. Nataka kuendesha mwenyewe." Akauinua mkono ule kwa wa kushoto. "Sasa usukani ukikataa nikiwa kwenye kona, huu mkono hautaushika. Hiyo ndiyo naogopa. Niambie ukweli tu, hata kama gari ni nzuri kwa watu wengine."

Nikamwahidi nitamwambia ukweli. Nilimaanisha.

Gari alilolipata lilikuwa Kileleshwa kwake, jumba la pili kutoka analokaa, la kijana wa ofisini aliyekuwa anahama. Tulienda asubuhi mimi na Nafula. Boneti ilikuwa baridi. Upepo ulikuwa sawa. Mpira wa raki ulikuwa mkavu, oili nyekundu iliyoanza kufifia, si ya kutisha. Usukani wenyewe ulikuwa wa oili, kwa hiyo Nafula alisoma makosa mengine ya gari, hakukuwa na la maana.

"Mzee, hii gari haijawahi kunisumbua," kijana alisema. "Nikikudanganya, kesho siko."

"Kesho hauko kweli, si unahama," nikamwambia, na Nafula akacheka.

Nikamwomba Sista Beatrice aingie ndani, aliwashe, na auzungushe usukani kwa mkono ule dhaifu. Nikainama na bisibisi. Watu wote wakanyamaza kama ilivyo sheria. Niliisikia injini, nzito na sawasawa. Zaidi ya hapo sikusikia kitu. Sista alizungusha kulia hadi mwisho, akazungusha kushoto hadi mwisho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kiatu akikuta kinamtosha. Nikainuka nikasema pampu ni nzima. Nafula alikuwa ameniangalia, kisha akaiangalia pampu, kisha akafunga kimashine chake. Nilidhani anataka kujifunza.

Alinunua gari. Wiki tatu alipita mbele ya gereji akienda kwa wagonjwa wake, akipiga honi, ambayo niliisikia vizuri.

Jumamosi ya wiki ya tatu alikuwa akiteremka Loresho kwenda kumwona bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Kwenye kona pampu ilijikaza, mkanda ukakatika, usukani ukawa mzito kama umefungwa kwa kamba. Mkono wa kulia haukuushika, na wa kushoto peke yake haukutosha. Gari lilipanda ukingo wa barabara likaingia kwenye ua wa miiba wa nyumba ya mtu. Mtunza bustani aliyekuwa akiupogoa ua ule alikuwa ameondoka kwenda kuchukua ngazi. Ngazi ile ndiyo sababu ya mimi kuandika haya nikiwa nyumbani kwangu, si jela. Sista alitoka na bega lililovimba na mikwaruzo.

Gari lililetwa kwetu likivutwa. Nikaifungua pampu mwenyewe. Ndani ilikuwa imekwaruzwa vibaya, na mikwaruzo ya namna ile si kazi ya siku moja wala ya wiki tatu. Pampu kama hiyo hulia miezi kabla ya kufa. Nilikaa nimeishika mkononi, nikamwita Nafula, tukaenda kwenye bomba la maji nyuma ya gereji.

"Nafula, siku ile Kileleshwa, ilikuwa inalia?"

Aliosha mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. "Ilikuwa inalia, mzee."

"Sana?"

"Si sana. Lakini ilikuwa inalia."

"Na wewe ukanyamaza."

"Ulikuwa umeshasema iko sawa. Si wewe ndio ulitufunza, mtu akishasema imeshasemwa? Ningeanzaje, mbele ya mteja?"

Nikamwuliza kama hilo lilikuwa la kwanza. Alitaka kuninyima jibu, nikaona, kisha akanipa. Yalikuwa yamepita magari mawili kabla ya hilo. Wenye magari hayo wote wawili Nafula alikuwa amewapigia simu baadaye, akawaambia waje tubadilishe pampu, ni kawaida ya gari la umri ule. Walikuja. Pampu nilizifunga mimi mwenyewe, bila kujiuliza kazi hiyo imetoka wapi.

"Na huyu mbona hukumpigia?"

"Nilikuwa nimepanga nimpigie Jumatatu," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Niliona aibu. Sina neno la kuipunguza. Nilikuwa nimemfanya fundi mzuri kuwa mtu wa kufuata nyuma yangu akifuta, na nilikuwa nimempa sheria iliyomzuia kufanya kazi niliyomwajiri aifanye.

Jumatatu Sista Beatrice alikuja na kaka yake. Kabla hajafika mmoja wenu, simtaji, aliniambia kwa nia njema, "Mzee, mwambie tu pampu hufa ghafla. Si uongo, huwa zinakufa ghafla." Ni kweli, huwa zinakufa ghafla. Maneno hayo yangeweza kunitosha mpaka mwisho wa kazi yangu, na hakuna mtu ambaye angeyapinga.

Nilimkalisha Sista kwenye benchi, nikamwambia. Nikamwambia pampu ilikuwa mbovu siku niliyoikagua, ilikuwa inalia, na mimi sikuisikia kwa sababu masikio yangu hayapati tena sauti ile. Nikamwambia nilikuwa na dalili zote nikazifumbia macho. Kaka yake akasimama. Sista akamvuta shati akae.

"Kwa hivyo hukuisikia," alisema.

"Sikuisikia."

"Mimi niliisikia."

Sikuelewa. Akarudia polepole, kama anavyowaambia wagonjwa wake, nafikiri. "Niliisikia, mzee. Nilipokuwa nazungusha. Ilikuwa inalia kama mbu. Nilitaka kuuliza, huyu mama akaweka kidole mdomoni, hivi. Nikafikiri basi, pengine ndivyo gari inafaa kulia. Wewe ulikuwa umeinama hapo na hukusema kitu. Mimi ni nani? Mimi ni wa kudunga sindano."

Nafula alikuwa amesimama kando ya meza ya spana. Alitazama sakafu.

"Hata mwenye gari aliisikia," Sista akaendelea. "Nilimwona akikuangalia. Alikuwa anangoja useme. Ulipoinuka ukasema ni nzima, alishangaa."

Tulikuwa watu wanne kwenye maegesho yale. Watatu waliisikia pampu, wakanyamaza kumngoja wa nne. Miaka yote nilikuwa nikisema kwamba ukimya ule ni wa kulisikiliza gari.

Sista aliuliza kama gari litapona. Nikamwambia litapona, pampu mpya na mkanda mpya, na raki tutaikagua yote kwa sababu vyuma vya pampu huenda vimeingia humo. Akauliza nani ataisikiliza hiyo mpya. Nikasema Nafula. Kaka yake akasema dada yangu, wacha hiyo gari, mimi nitakubeba. Sista akamwambia, "Najua utanibeba."

Kazi ilikwisha Alhamisi asubuhi. Gari lilikuwa limelala gereji, kwa hiyo lilikuwa baridi. Sista Beatrice akaingia ndani, akaweka mkono wa kulia juu ya usukani. Nikampa Nafula bisibisi. Akainama. Papo hapo gereji yote ikanyamaza, nyundo zikawekwa chini, mtu akazima redio.

"Msinyamaze," nikasema. "Anayesikia kitu, aseme."

Hakuna aliyesema. Mlikuwa hapo, mnakumbuka. Sista akaanza kuzungusha kulia, Nafula akasikiliza, kisha akainua macho akanitazama. Nikageuza uso. Akazungusha kushoto, na Nafula akaniangalia tena, mpini ukiwa bado sikioni, akingoja. Nikaona nanyi pia mnaniangalia, watu sita wenye masikio mazima. Nikavua ovaroli, nikaitundika, nikatoka getini hadi kando ya Waiyaki Way, ili Nafula asiwe na mtu wa kumtazama.